Nani aliyaua magari ya misuli ya Marekani? Mimi nasema si mafuta

Mleta mada:
Wakuu, kila zinapotajwa gari za misuli, yaani gari za kawaida zilizowekewa injini kubwa, kama GTO, Mustang na Charger za zamani, wimbo ni uleule: gari zilinguruma, bei ilishikika, halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta na mchezo ukaishia hapo. Hata tuliozijua kwenye picha tu tunauimba. Mimi naupinga, na anayenipinga aje na namba.

Chukueni Pontiac GTO, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyoanzisha ukoo wa hizi gari za misuli. Yenyewe ilizaliwa kwa ujanja. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imekataza gari la ukubwa wa kati kuwekewa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwemo, wakachukua Tempest, gari la kawaida kabisa la familia, wakaichomekea injini ya 389. Hawakuitangaza kama gari jipya. Waliiuza kama nyongeza ambayo mteja anaagiza mwenyewe, na katazo halikusema kitu kuhusu nyongeza. Modeli ya 1964 zikatoka 32,450. Ya 1966 zikafika 96,946.

Sasa tazameni mteremko. 1969: 72,287. 1970: 40,149. 1971: 10,532. 1972: 5,807. Mpaka hapo mgogoro wa mafuta haujatokea! Marehemu alikuwa hoi kitandani muda mrefu kabla mtuhumiwa hajaingia mjini.

Mimi namshika bima. Wateja wakubwa wa hizi gari walikuwa vijana, na kampuni za bima zilishapiga hesabu ya ajali zao. Zikaanza kutoza nyongeza kwa gari lenye nguvu nyingi kuliko uzito wake, na dereva wa chini ya miaka 25 akakiona cha mtema kuni. Ukiweza kulipia gari lakini huwezi kulipia bima yake, gari huna.

Mshitakiwa wa pili ni mnunuzi mwenyewe. Mustang ya 1966 zilitengenezwa 607,568. Ya 1971, iliyokwisha kunenepa, 149,678. Ford wakasoma alama za nyakati, na modeli ya 1974 wakaleta Mustang II, kijigari ambacho mwaka wake wa kwanza hakikuwa hata na V8, ile injini ya silinda nane. Wapenzi wanaitukana mpaka leo. Zilitoka 385,993.

Kabureta Mbili:
Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka mtaro. Hiyo 10,532 ya 1971 usiibebeshe bima yote. Septemba 1970 wafanyakazi wa General Motors waligoma, na mgomo ulizidi miezi miwili, wakati modeli za 1971 ndiyo kwanza zinaanza kutengenezwa.

Halafu serikali umeiacha inatembea huru. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya hewa safi iliyodai moshi mchafu wa magari upungue kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Kabla hata ya hapo General Motors walishajua upepo unakoelekea, wakashusha mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya silinda za injini za 1971, ili zitumie petroli yenye madini kidogo ya risasi. Chukua Corvette, gari la michezo la General Motors, yenye injini ya 454: ya 1971 imeandikwa nguvu ya farasi 365, ya 1972 imeandikwa 270. Hiyo nayo ni bima?

Mleta mada:
Mgomo nakubali, nilipaswa kuutaja. Lakini zile 40,149 ni modeli ya 1970, zilikwisha kutengenezwa kabla mtu hajagoma.

Kwenye Corvette umepigwa changa la macho. Zamani injini ilipimwa ikiwa uchi, haina ekzosi ya gari wala vifaa vingine vinavyokula nguvu. Mwaka 1972 wakaanza kuandika nguvu ya injini ikiwa imevaa kila kitu. Farasi wengi kati ya hao 95 walifia kwenye karatasi.

Fundi Dramu:
Niko Michigan, hizi gari nazifungua kwa mikono yangu. Mnazungumza kama wachumi. Mustang ya 1965 ukifungua buti, sakafu unayoiona ni mgongo wa tangi la mafuta lenyewe. Ukigongwa nyuma, omba Mungu. Nyingi zina breki za dramu miguu yote minne, na silinda kuu ni ya njia moja: paipu moja ikipasuka, breki zote zimeaga. Mkanda wa begani sahau.

Nina mteja, mzee, alikuwa na miaka 17 gari lake lilipotoka kiwandani. Akiliwasha macho yanamlengalenga. Akishaliendesha kona mbili anarudi kuniuliza kama usukani una shida. Usukani hauna shida, ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Mjukuu wa Mnada:
Mbona marehemu ana bei kuliko walio hai? Hemi 'Cuda ya 1971, gari la misuli la Plymouth, ile ya kufunua paa, zilitoka 11 tu. Hawakuzibania, wanunuzi hawakuwepo. Mwaka 2014 moja ilipigwa mnada kwa dola milioni 3.5. Hao waliokosa hela wakiwa vijana ndio wanaopandisha bei leo.

Kabureta Mbili:
Sawa, tuache mafuta na serikali, nakuuliza kwa hoja yako mwenyewe. Pontiac hao hao mwaka 1979 walitengeneza gari lao jingine la misuli, Trans Am, 117,108. Hakuna GTO iliyowahi kufika hapo. Na 1979 ni mwaka wa mgogoro wa pili wa mafuta, foleni kwenye vituo, bima ipo palepale. Kama bima iliua, huyu alifufukaje?

Mleta mada:
Hapo umenibana. Ila nyingi ya hizo za 1979 zilikuwa na farasi 185 tu. Nguvu ilibaki kwenye yule ndege mkubwa aliyechorwa juu ya boneti. Waliuziwa stika.

Kabureta Mbili:
Na wakanunua, mkuu. Foleni ya mafuta ikiwa nje.