Ni mnyama gani anayekula kaa kijitoni?

Ndugu wasomaji, kandokando ya kijito kilicho chini ya shamba letu, nje ya Bukavu, ninakuta magamba ya kaa yaliyovunjwa na nyayo ndogo zenye vidole vilivyotanuka. Ni mnyama gani huyo, naye anaishije hapa ambapo vichaka vinazidi kukatwa?

Jibu la 1
Mama, yaelekea ni nguchiro wa maji. Vidole vyake havina utando, tofauti na vya fisi-maji mwenye shingo ya madoadoa, kwa hiyo hupapasa kwa urahisi topeni na chini ya mawe akitafuta kaa, vyura na wadudu. Konokono au yai gumu hulitupa kwenye jiwe mpaka lipasuke, ustadi unaonistaajabisha sana. Huwinda peke yake, hasa usiku, na akibanwa hutoa majimaji yenye harufu kali.

Jibu la 2
Nakubaliana na Papa hapo juu. Ninaomba tu matete ya ukingoni yasifyekwe, kwa sababu ndimo anamojificha mchana. Kuku wafungiwe kila jioni, maana kanu naye, mnyama mdogo mwindaji apandaye miti kwa wepesi, hupita usiku huohuo.