Skrini mbili zimezima baada ya apdeti ya Linux Mint na Jumamosi nina harusi, naombeni ushauri

Jiwe la Kirumba
Habari za jioni wakuu. Mimi ni kijana wa hapa Mwanza, kazi yangu ni kuendesha skrini za ukumbini kwenye harusi, sendofu na kipaimara. Natumia kompyuta ya mezani yenye mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Mbele yangu ninayo monita ya kuongozea, upande wa wageni kuna TV kubwa, na projekta inapiga ukutani nyuma ya maharusi.

Juzi nimewasha, TV giza na projekta inadai haioni chochote. Monita yangu imebaki hai, ila maandishi yamevimba na kwenye mipangilio inaonekana skrini moja tu. Nimebadilisha nyaya, nikaazima TV ya jirani, wapi! Jumamosi nina harusi Nyakato na nusu ya hela nimeshapokea. Swali langu ni moja: kati ya kununua kadi mpya ya grafiki na kurudi Windows, kipi kitaniokoa haraka?

Mzee wa Kamanga
Rudi Windows, kijana wangu. Ukumbini si mahali pa kujifunzia. Mimi nimepiga picha za harusi tangu enzi za mikanda. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi, kazi ikiwa ng'ambo tulilala foleni ya kivuko, na kila kifaa nilibeba viwili. Siku moja Sengerema kamera iligoma bibi harusi akiwa mlangoni. Nikatoa ya pili, hakuna aliyejua. Nyie vijana mnachukua hela ya mtu mkiwa na mashine moja, tena ya majaribio. Hiyo ni dharau kwa mteja.

Binti Nansio
Mzee shikamoo, lakini hiyo Windows anayoambiwa arudie ataipata wapi? Mitaani wengi wanawekewa ile iliyofunguliwa kwa funguo za wizi. Nilifundisha sekondari moja huku Ukerewe, chumba cha kompyuta kilikuwa kinaugua kila wiki kwa flashi za walimu. Tulipohamia Linux tukapumua, wanafunzi wakaanza kumaliza kipindi. Mdogo wangu, swali lako sijalijibu, najua. Ila usiuache mfumo kwa sababu ya hofu ya siku mbili.

Fundi Igoma
Kabla ya kununua chochote, jibu haya. Kadi ni ipi? Draiva, ile programu inayoendesha kadi, uliiwekaje? Uligusa nini kabla haijaharibika? Halafu fungua terminali, andika `inxi -G`, inaonyesha kadi na draiva yake, utuwekee majibu.

Jiwe la Kirumba
Sikugusa kitu mkuu, ni apdeti tu. Kadi ni NVIDIA GT 710, nilinunua mtumba. Kwenye inxi, upande wa draiva inaandika N/A, na chini yake kuna neno llvmpipe.

Kokoto
NVIDIA na Linux ni ugomvi wa siku nyingi. Mwaka 2012, pale Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliwanyooshea kidole cha kati mbele ya kamera. Mei 2022 kampuni ikaachia msimbo wazi wa ile sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ila ni kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda juu. Kadi yako ni ya kizazi cha Kepler, cha zamani zaidi, haimo. Ushauri wangu tafuta kadi ya AMD, draiva yake amdgpu imo ndani ya kerneli, unachomeka unaendelea na kazi.

Fundi Igoma
Kokoto, hayo ni ya mwezi ujao, harusi ni Jumamosi.

Jiwe, llvmpipe maana yake picha inachorwa na prosesa yenyewe, hakuna draiva ya grafiki inayofanya kazi. Apdeti peke yake haikufikishi hapo. Nauliza tena, draiva uliiwekaje?

Jiwe la Kirumba
Nilishusha kwenye tovuti ya wenyewe, toleo la 470, faili linaloishia na .run. Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu ile ya kwenye mfumo ilikuwa inakatakata video. Ya mwenye kadi ndiyo halisi, sioni kosa hapo. Imefanya kazi tangu mwaka jana.

Fundi Igoma
Toleo umepatia, 470 ndiyo ya mwisho kwa Kepler. Tatizo ni njia. Faili la .run hujenga moduli, kile kipande cha draiva kinachoingia ndani ya kerneli, kwa ajili ya kerneli iliyopo siku hiyo. Usipoiandikisha kwenye DKMS, programu inayoijenga upya moduli kila kerneli inapobadilika, kerneli mpya ikija inakuta draiva ni ya kerneli ya zamani. Na wakati wa kuiweka, hilo faili huizuia nouveau, draiva huria inayokuja na mfumo. Kwa hiyo apdeti ilipoleta kerneli mpya, kadi yako ikabaki haina wa kuishika.

Lakini hiyo bado haielezi maandishi kuvimba na skrini kubaki moja. Andika `cat /proc/cmdline`, uweke mstari wote hapa.

Jiwe la Kirumba
Mstari ni mrefu. Mwishoni kuna quiet splash nomodeset. Hiyo nomodeset niliongeza mwenyewe kwenye GRUB, ile programu inayowasha mfumo. Asubuhi ya apdeti monita ilikuwa nyeusi tii, nikaangalia video moja mtandaoni, wakasema niweke hilo neno, na kweli ikawaka. Kwa hiyo hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Na niseme kabisa, kadi ya GT 1030 nimeshaitolea kianzio, elfu sitini, kwa jamaa wa hapa mjini. Naona nimalizie tu nipate amani.

Kokoto
GT 1030 ni ya kizazi cha Pascal. Matoleo ya draiva ya 580 ndiyo ya mwisho kwa kizazi hicho. Unahama nyumba ya zamani kwenda nyingine ya zamani.

Sato wa Jana
Jamani mnampa mtu darasa na hii ni chai. Nimetumia GT 710 mwenyewe. Nyuma ina VGA, DVI na HDMI, kila tundu moja. Huyu anasema ana monita, TV na projekta, na kwenye uzi wake mwingine wa mwaka jana aliandika TV na projekta zote ni HDMI. HDMI ya pili ameichomeka wapi, ziwani? Hadithi imetungwa ili tuchangie kadi. Subirini namba ya simu inakuja.

Mzee wa Kamanga
Hata mimi nilishangaa. Anauliza ushauri huku kianzio ametoa.

Mama Bahati
Ngojeni kwanza. Harusi ya Nyakato Jumamosi ni ukumbi gani? Binti wa dada yangu anaolewa Jumamosi Nyakato na mambo ya skrini kamati tumeshalipa nusu. Kijana, nijibu.

Jiwe la Kirumba
Sijaomba mchango wa mtu na siombi. Monita iko kwenye VGA ya kadi, TV iko kwenye HDMI ya kadi. Projekta nimechomeka kwenye HDMI ya mashine yenyewe, ile ya juu inayokuja na ubao, inayotumia grafiki ya Intel. Sikuitaja kwa sababu tatizo ni kadi. Mama, nakuandikia pembeni sasa hivi.

Fundi Igoma
Sato, ahsante kwa kubana. Nilikuwa nashindwa kuelewa projekta imekufaje pamoja na TV, sasa imejieleza.

Jiwe, nomodeset inaiambia kerneli isipange yenyewe ukubwa na mpangilio wa skrini. Nouveau inaacha kazi, na draiva ya Intel, i915, nayo inaacha kazi. Kinachobaki ni picha moja iliyoachwa na mashine wakati wa kuwaka, kwenye skrini moja, kwa ukubwa wa kubahatisha. Projekta ilikuwa salama kwa Intel hadi ulipoandika hilo neno. Ungefunga hiyo GT 1030 huku neno lipo, TV na projekta zingebaki giza vilevile.

Fanya hivi. Washa mashine, shikilia Shift au gusa Esc hadi menyu ya GRUB itokee. Ingia Advanced options, weka alama kwenye kerneli ya zamani, ile ya kabla ya apdeti, bonyeza e, futa nomodeset kwenye mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hapo hujabadilisha kitu cha kudumu, unajaribu tu. Tuambie.

Sato wa Jana
Sijashawishika. Aweke picha.

Jiwe la Kirumba
Zimewaka. Zote tatu! Monita imerudi saizi yake, TV ipo, projekta ipo. Nimemtumia Mama Bahati picha, ni harusi yao kweli.

Sasa nimalizie kadi au niache?

Fundi Igoma
Acha. Fungua `/etc/default/grub`, toa nomodeset, ubaki na quiet splash, kisha `sudo update-grub`. Hadi harusi ipite, waka kwa kerneli hiyo ya zamani na usiguse apdeti yoyote. Jumatatu endesha `sudo nvidia-uninstall`, angalia kwenye folda ya /etc/modprobe.d kama lile faili la kuizuia nouveau limeondoka, halafu `sudo update-initramfs -u`. Baada ya hapo weka 470 kupitia Kidhibiti cha Draiva cha Mint. Ikija kwa njia hiyo, kila kerneli mpya inajengewa moduli yake.

Na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, usije ukazima grafiki ya Intel, projekta yako inakaa hapo.

Binti Nansio
Na kianzio?

Jiwe la Kirumba
Jamaa amekataa kurudisha hela. Nimemwomba anipe nyaya mbili ndefu za HDMI za thamani hiyo, amesema nipite kesho saa nne.

Mama Bahati
Picha nimeziona, skrini zote tatu zinawaka. Kijana, Ijumaa saa kumi jioni uwe ukumbini tujaribu zote, na projekta ya akiba kamati itaazima kanisani. Mzee wa Kamanga amesema kweli kuhusu viwili viwili.