Mrejesho: mikrofilamu za maktaba tatu katika chumba kimoja, Lubumbashi

Ndugu zangu, asanteni sana. Swali lilikuwa hili: maktaba tatu zikusanyeje chumba kimoja roli zao mama (roli za asili ambazo nakala hutolewa kwazo) za mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, ilhali makopo mengine yakifunguliwa yananuka siki. Mlisisitiza kupima kabla ya kuhamisha, na mlikuwa sahihi.

Roli inainuliwa mbele ya taa na kutazamwa ubavuni: filamu ya plastiki ya poliesta hupitisha mwanga, ile ya plastiki ya asetati huwa giza. Kwenye asetati, ukanda wa kupimia asidi umelala ndani ya kopo lililofungwa saa 24. Ukibaki buluu, salama. Kijani, uozo umeanza. Njano, nakili upesi. Mvuke wa siki unaotoka kwenye asetati inayooza huongeza kasi ya uozo wenyewe na kudhuru roli jirani, kwa hiyo asetati haikai tena na poliesta.

Poliesta inahitaji joto lisilozidi 21°C na unyevu wa 20–50%, bila kupandapanda. Hapa kwetu kibarua ni miezi ya mvua. Kiyoyozi kinachopoza bila kukausha hupandisha unyevu, basi mashine ya kukausha hewa ndiyo inunuliwe kwanza. Asetati ipo kwenye friji, ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa. Ikitoka, mfuko haufunguliwi mpaka ipate joto la chumba, la sivyo matone yatailowesha filamu.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: raba za kufungia. Zina salfa, nayo huyachafua madini ya fedha yanayounda picha. Zote zimetolewa, zikawekwa kanda za karatasi isiyo na asidi.

Nakala za kusomea zimebaki kila maktaba. Roli mama haziazimwi.