MJADALA: Paka wa nyumbani afungiwe ndani au aachwe atoke?

Mleta mada

Wiki tatu zilizopita nilimzika paka wangu wa pili. Wa kwanza alitoka jioni moja na hakurudi. Mpaka leo sijui kilichompata. Huyu wa pili alirudi, ila alirudi akiburura miguu ya nyuma, na kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakufa. Gari. Alikuwa na miaka mitatu, wakati paka anayekaa ndani kufikisha miaka kumi na mitano si jambo la kushangaza.

Naileta mada hii nikiwa na uchungu, sifichi. Msimamo wangu ni kwamba paka wa nyumbani akae ndani, tangu siku anapoletwa hadi mwisho wake. Nje kuna magari na mbwa, kuna panya aliyekwisha kula sumu, na kuna paka shume wanaopigania jike usiku kucha. Virusi vya FIV, ambavyo wengi huviita ukimwi wa paka, husambaa hasa kwa kung'atana. (Havimwambukizi binadamu, nisije nikawatia watu hofu bure.)

Halafu kuna yale ambayo paka mwenyewe huwatendea wengine. Mwaka 2013 watafiti walikadiria kuwa paka wanaozurura Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wanyama wadogo kama panya na sungura kati ya bilioni 6.3 na bilioni 22.3. Huyu wangu aliwahi kuniletea kinda hadi miguuni, bado linahema. Sikujua la kufanya, likafia mkononi mwangu.

Anayenipinga anijibu: paka anapata nini huko nje kinacholingana na hatari hiyo?

Mwenye paka watatu

Pole sana ndugu yangu. Kumzika mnyama uliyemlea kunauma, na asiyewahi kufuga hawezi kuelewa.

Lakini umeuliza anapata nini huko nje. Mimi nilikuja kujua pale paka wangu alipokikosa. Nilipohamia ghorofani nilimfungia paka wangu mkubwa, jike, kwa miezi minane. Mwezi wa kwanza alilia mlangoni. Wa pili akanyamaza, nikadhani amezoea. Ikawa ni kula na kulala, akanenepa hadi akashindwa kujilamba mgongoni. Kisha akaanza kwenda kwenye boksi la mchanga kila mara, anachuchumaa, yanatoka matone yenye damu. Daktari alipima mkojo asione vijidudu vyovyote. Akaniuliza: huyu paka anafanya nini mchana kutwa? Nilikosa jibu.

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Huyu mnyama hatukwenda kumkamata porini tukamfunga kamba kama ng'ombe. Alitufuata mwenyewe, yapata miaka 10,000 iliyopita huko Mashariki ya Kati, wakulima wa mwanzo walipoanza kuweka nafaka na panya wakajaa. Katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka karibu yake. Macho yake yanayoona kwenye giza jembamba, masikio yanayogeuka kila upande, makucha anayoyaficha na kuyatoa, vyote ni vya kuwindia. Unamnyima hayo miaka kumi na mitano, kisha unaihesabu miaka hiyo kuwa faida yake?

Na hizo bilioni, soma utafiti hadi ndani. Zaidi ya theluthi mbili ya ndege hao huuawa na paka wasio na mwenyewe. Uingereza, ambako wafugaji wengi huwaacha paka wao watoke, chama cha kulinda ndege cha RSPB chenyewe husema hakuna ushahidi wa wazi kwamba paka ndio wanaopunguza idadi ya ndege nchini kote.

Mpenda ndege

Dada, theluthi mbili ni kweli. Inayobaki bado ni mamia ya mamilioni ya ndege, na wanaouawa hao wanauawa na paka wenye watu, watu wanaoweza kufunga mlango leo jioni. Paka wa jaani atafungiwa na nani? Tena huyo wa jaani hakushuka kutoka mbinguni. Mfuatilie nyuma vizazi vichache utakuta jike wa mtu aliyeachwa atoke bila kufungwa kizazi.

Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, kule chini karibu na bahari za barafu, ili wapunguze panya kwenye kituo cha watafiti. Watano tu. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa kama 2,000, na walikuwa wakila ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, yapata 450,000 kwa mwaka. Iliwachukua watu hadi 1991 kummaliza paka wa mwisho. New Zealand nako, katika kisiwa cha Stephens, kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka. Mnara wa taa ulianza kazi mwaka 1894, paka wakafika na watu wake, na katika muda mfupi ndege yule akatoweka duniani.

Mwenye paka watatu

Hiyo ni visiwa, ambako ndege hawakuwahi kumjua mnyama wa kuwawinda. Usichukue Marion ukaifananisha na bara zima ambalo paka pori ameishi na ndege tangu hapo. Na mbona hukumalizia hadithi? Paka walipokwisha Marion, panya waliongezeka, na sasa wanawatafuna makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wakiwa hai viotani.

Mpenda ndege

Naimalizia, na umefanya vema kuidai. Panya hao ndio haohao waliofanya paka wapelekwe. Paka walikaa kisiwani zaidi ya miaka arobaini na panya hawakuisha, kwa sababu palikuwa na ndege rahisi zaidi kukamata. Sisemi paka ni mwovu. Hula kilicho karibu.

Kuhusu bara, nenda Walldorf, mji wa Ujerumani. Mwaka 2022 mamlaka ziliamuru paka wa upande wa kusini wa mji wasitoke hadi mwisho wa Agosti, kwa sababu kuna kipozamataza mwenye kishungi anayetaga chini, na waliobaki walikuwa wachache mno. Anayemwachia paka wake alipangiwa faini ya euro 500. Kamba iliruhusiwa. Wenye paka walilalamika sana, nami nawaelewa, lakini viota vikiwa vinahesabika kwenye vidole, asubuhi moja ya paka mmoja inatosha.

Umemtaja paka pori pia. Huyo naye ana shida na paka wetu, na ni shida ambayo watu hawaioni kwa sababu haina damu. Wanazaana. Uskoti paka pori wamechanganyika na wa nyumbani kiasi kwamba kumpata aliye halisi imekuwa kazi. Paka pori wa Afrika, ndugu wa damu wa huyo aliyelala kwenye kochi lako, anakabiliwa na hatari hiyohiyo.

Jirani asiye na paka

Naona mnaongea wenye paka na wenye ndege. Na sisi wengine? Sijawahi kufuga paka maishani, lakini kila asubuhi nachota kinyesi cha paka kwenye bustani ninayopanda mboga. Paka wa jirani amezaa mara mbili kwenye stoo yangu. Nikisema naonekana sipendi wanyama. Mke wangu ni mjamzito na tumeambiwa tujihadhari na ugonjwa wa paka. Uhuru wa paka wako unaishia wapi?

Daktari wa mifugo

Nianze na huyu ndugu, maana swali lake ni la haki na hujibiwa mara chache.

Ugonjwa mnaoambiwa ni toksoplasma. Vimelea vyake hukamilisha mzunguko wao ndani ya familia ya paka pekee. Paka akiambukizwa, mara nyingi kwa kula panya au ndege, hutoa mayai ya vimelea kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida huacha. Kinyesi kikiwa kibichi hakiambukizi. Mayai huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Ndiyo maana boksi la ndani linalosafishwa kila siku lina hatari ndogo kuliko udongo wa bustani, ambamo mayai yanaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Mama asichimbe bila glavu, aoshe mboga vizuri, na asile nyama isiyoiva, kwani nyama nayo ni njia kubwa ya maambukizi. Hana haja ya kumwogopa paka kwa kumshika tu.

Sasa kwenu wawili. Mnagombania mlango wakati swali la kwanza ni kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, mimba huchukua kama siku 65, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Dume asiyehasiwa ukimfungia atakojolea kuta na kulia usiku kucha. Ukimwachia atapigana hadi masikio yabaki vipande. Nimetibu majipu ya kung'atwa mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na karibu wote walikuwa madume ambao hawajahasiwa. Hasi kwanza, chanja kwanza, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, ndipo tuzungumze habari ya mlango.

Na wewe mleta mada, ndani nako usikuamini kupita kiasi. Mayungiyungi (maua ya lily) ya kupamba mezani huua figo za paka, hata chavua tu aliyoilamba kutoka kwenye manyoya. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Dirisha la ghorofani lisilo na wavu ni hatari nyingine. Mwaka 1987 madaktari wa New York waliandika habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani. Tisa katika kila kumi ya waliotibiwa walipona, lakini wengi kwa mifupa na vifua vilivyoumia.

Alichoeleza dada kuhusu mkojo wa damu ninakiona mara kwa mara. Kibofu cha paka huvimba kwa msongo wa mawazo bila kidudu chochote. Dawa hutuliza maumivu, lakini maisha yale yale yakiendelea, tatizo hurudi.

Mleta mada

Daktari, nashukuru, na dada pia. Nikiri kwamba sikuwahi kufikiria siku ya paka aliyefungiwa ikoje. Nilifikiria usalama wake basi.

Ila niulize: kama tatizo ni kukosa kuwinda, je, hatuwezi kumletea mawindo ndani?

Daktari wa mifugo

Inawezekana kwa kiasi kikubwa, na kuna kipimo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walifuatilia paka wa Uingereza waliozoea kuleta mawindo nyumbani. Waliobadilishiwa chakula wakapewa chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walipunguza mawindo kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika tano hadi kumi tu kwa siku, kwa ufito wenye manyoya na panya wa bandia, walipunguza kwa asilimia 25. Kola ya kitambaa cha rangi kali, ambayo ndege huiona mapema, iliwaokoa ndege kwa asilimia 42. Kengele, ambayo kila mtu huisifu, haikuonyesha tofauti ya maana.

Mpenda ndege

Hiyo ya dakika kumi ningependa kila mwenye paka aisikie. Mimi nilidhani haiwezekani bila kufunga mlango. Bado nasema ufungwe, hasa makinda yanapojifunza kuruka, lakini nimejifunza.

Jirani asiye na paka

Asante daktari. Stoo yangu nitaiziba. Jirani nitamwambia habari ya kizazi, kwa upole.

Mleta mada

Basi nirekebishe msimamo wangu, sio kuuacha. Paka aliyekulia nje miaka mitano sitaki tena afungiwe ghafla; naona ni ukatili. Canberra, mji mkuu wa Australia, walifanya hivyo kwa busara: paka waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 wanatakiwa wakae kwenye uzio wa mwenyewe, na wa zamani wengi wakaachwa na mazoea yao. Huyo wa zamani aitwe ndani jua linapozama, apewe mlo wake mkubwa saa hiyo ili awe na sababu ya kurudi. Mtoto wa paka ambaye hajawahi kuijua njia, huyo aanzie ndani.

Nasema hivyo kwa sababu Jumamosi naletewa mmoja, wa wiki tisa. Dirisha nimelitia wavu. Maua nimeyagawa. Nina kibaraza kidogo ambacho nafikiria kukizungushia nyavu hadi juu, aote jua na kuwatazama ndege bila kuwafikia. Dada, wewe mwenye watatu, yule jike wako aliishia wapi? Ulimfungulia?

Mwenye paka watatu

Nilihama, nikapata nyumba ya chini yenye ua wa ukuta. Anatoka asubuhi nikiwa nafua, na nikiingia ndani naye anaingia. Damu haijarudi. Ana miaka kumi na mmoja.

Kwenye kibaraza chako weka ubao wa kupanda, mrefu, ufike karibu na dari. Paka akiwa juu hutulia. Na chakula chake usikiweke chote kwenye bakuli. Kifiche kidogo kidogo, nyuma ya mlango, ndani ya boksi tupu, juu ya rafu. Siku za kwanza utamwonyesha. Baada ya wiki atakuwa anakitafuta mwenyewe kabla hujaamka.