Saa ya Uswisi kwa mzee anayestaafu: tununue Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura?

Mtoto wa Kibirizi, Kigoma

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Baba yetu anastaafu mwezi Desemba baada ya kuitumikia reli kwa miaka thelathini na minne, na sisi watoto wake wanne tumechanga shilingi milioni tatu ili tumnunulie saa ya mkononi ya mashine, isiyotumia betri, ambayo ataivaa mpaka siku atakapoamua kumwachia mjukuu. Rolex na Omega ziko mbali na uwezo wetu, kwa hiyo kaka mkubwa amependekeza Tissot ya otomatiki, yaani inayojijaza yenyewe mkono unapotikisika, na wote tumekubali. Najua kuna watakaosema kwamba hiyo bado haijafikia daraja la saa za kifahari, lakini katika nyumba yetu hakuna kitu cha kuvaliwa kilichowahi kununuliwa kwa fedha kama hizo.

Shida yetu ni bei. Kwa aina ile ile ya saa, yenye mkanda wa ngozi na uso mweupe, nimepata bei tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Duka moja la Dar es Salaam linataka shilingi 2,750,000. La Nairobi limeniandikia shilingi 129,000 za Kenya, ambazo kwa kiwango cha siku niliyouliza zilikuwa takriban 2,480,000 za kwetu. Muuzaji wa Bujumbura, niliyeunganishwa naye na rafiki anayefanya biashara ya vitenge, anataka dola 640 tu, yaani karibu 1,600,000. Sisi watu wa Kigoma tumezoea kupima bei za pande zote za ziwa kabla ya kufungua pochi, iwe ni sabuni, kitenge au bati, na mara nyingi tofauti huwa ya kweli. Lakini tofauti ya shilingi 1,150,000 kwa kitu kimoja kilichotoka kiwanda kimoja inanitia shaka, na sitaki kumvalisha mzee wangu kitu cha wasiwasi mbele ya wafanyakazi wenzake. Naomba mnieleze tofauti hii inatoka wapi, na ni ipi kati ya bei hizi ninayopaswa kuiamini.

Wakala wa Forodha, Kigoma

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa kumkumbuka mzazi. Kazi yangu ni kuondosha mizigo forodhani, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: Tanzania, Kenya na Burundi zote zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki na zinatumia ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Umoja huo ulianza mwaka 2005 kwa Tanzania, Kenya na Uganda, kisha Rwanda na Burundi zikaanza kuutumia mwaka 2009. Saa iliyotengenezwa Uswisi haiwi ya Burundi kwa kuwa imelala wiki mbili katika kabati la kioo huko Bujumbura. Inabaki kuwa bidhaa ya nje, nayo kama bidhaa iliyokamilika huhesabiwa katika daraja la asilimia 25.

Sasa fanya hesabu hii ukiwa na kalamu mkononi. Chukulia kwamba thamani ya saa hiyo, pamoja na usafiri na bima hadi kufika kwetu, ni 1,600,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 400,000, jumla inakuwa 2,000,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani haitozwi juu ya ile 1,600,000 ya mwanzo, bali juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru; kwa hiyo asilimia 18 ya milioni mbili ni 360,000, na saa inatoka forodhani ikiwa imefikia 2,360,000 kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo, na kabla ya mwenye duka kulipa pango na kutafuta faida yake. Nchini Kenya, ambako kodi hiyo ni asilimia 16, saa ile ile ingetoka kwa 2,320,000. Unaona kwamba tofauti halisi ya kikodi kati ya Dar es Salaam na Nairobi katika mfano huu ni shilingi 40,000, ambazo hazitoshi nauli ya kwenda kuifuata. Burundi nayo inatoza asilimia 18, sawa na sisi.

Kwa maana hiyo, bei ya Dar es Salaam na ya Nairobi zinaelezeka. Bei ya Bujumbura inakaribiana mno na thamani ya saa ambayo haijaguswa na ushuru wowote. Sisemi kwamba muuzaji huyo ni mwizi, kwa sababu simjui. Nasema kwamba ama saa hiyo iliingia ndani ya begi la abiria bila kutangazwa, ama ni ya mtumba, ama si Tissot. Ukiileta wewe kupitia mpaka wetu wa Manyovu, wajibu wa kuitangaza unakuwa wako, na ofisa atataka kuona ankara. Wapo watakaokushauri upite njia za panya kwa kuwa saa ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Usikubali, maana bidhaa isiyotangazwa inaweza kutaifishwa na faini ikafuata, na zawadi ya mzee ikaishia hapo.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni kuhusu kile cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho wafanyabiashara wadogo wa mpakani hukitumia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Kinahusu mahindi, maharage, mawese na bidhaa nyingine zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Wengi wanadhani kinaondolea ushuru kila kitu kilicho chini ya thamani hiyo, na nimewaona wakibishana dirishani kwa nusu saa nzima kwa sababu hiyo. Saa ya Uswisi haimo.

Mama wa Manyovu

Mwanangu, hayo ya ushuru amekwisha kuyaeleza ndugu yangu wa forodha, nami nitaongeza la fedha, kwa sababu ninavuka mpaka huo karibu kila wiki na fedha ndiyo inayotudanganya sana. Huwezi kulinganisha bei za nchi tatu kwa kuzigeuza zote kuwa shilingi ukadhani umemaliza kazi. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha faranga, na dola moja iliyokuwa ikihesabiwa karibu faranga 2,090 ikavuka 2,800 kwa kiwango rasmi, huku mitaani ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi. Tangu hapo mtu mwenye bidhaa ya kigeni anataka dola mkononi, na akikutajia bei ya faranga, muulize mara moja ameihesabu kwa kiwango kipi, kwa maana cha benki na cha mtaani havifanani na wewe utalipa kwa kile kitakachompendeza yeye.

Hata Kenya mambo ni hayo hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifikia karibu shilingi 160 za Kenya, na ilipofika katikati ya mwaka ikawa imeshuka hadi kwenye 130. Chukua hiyo bei yako ya 129,000: kwa kiwango cha kwanza ni kama dola 800, na kwa cha pili ni karibu dola 1,000, ingawa karatasi ya bei dukani haijabadilishwa hata tarakimu moja. Ndiyo sababu mtu anayekuambia kwamba alinunua saa Nairobi kwa bei nafuu anaweza kuwa anasema kweli kabisa, na wewe ukienda leo usiukute unafuu huo. Mwulize alinunua mwezi gani.

Nikuongezee kwamba kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bidhaa za ndani ya Tanzania kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo duka la Dar es Salaam likikutajia dola, lirudishe kwenye shilingi kabla hamjaendelea na mazungumzo.

Fundi Saa wa Tabora

Salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi, nimekaa kwenye kibanda changu hapa Tabora mjini nikifungua saa tangu enzi ambazo Seiko 5 ilikuwa ndiyo fahari ya kila mwalimu na kila karani, na ninaomba mjadala huu usiishie kwenye bei ya siku ya kwanza. Saa ya mashine ina mafuta ndani yake, na mafuta hayo hukauka. Baada ya miaka kadhaa ni lazima ifunguliwe, ioshwe na kutiwa mafuta mapya, au meno ya magurudumu yaanze kulika. Gharama hiyo ni sehemu ya bei, ingawa hakuna muuzaji anayeiandika kwenye ankara.

Nyingi kati ya Tissot za otomatiki za siku hizi zina mashine inayoitwa Powermatic 80, ambayo ikijaa hutembea saa 80 bila kuvaliwa, na hiyo ni sifa kubwa kwa mzee anayeweza kuivua Ijumaa na kuikuta inatembea Jumatatu asubuhi. Lakini mashine hiyo, tofauti na Seiko 5, hurekebishwa kasi kiwandani, na katika nyingi zake hakuna kile kikono ambacho sisi mafundi hukisukuma kidogo kushoto au kulia pale saa inapokimbia au inapochelewa. Vipuri navyo ni taabu. Tissot, Longines, Omega na Rado zote ni za kundi moja la Swatch, na kundi hilo hilo ndilo linalomiliki kiwanda cha mashine cha ETA, kwa hiyo fundi wa kibandani kama mimi hawezi kuagiza kipuri halisi kwa urahisi. Nikisema nitaitengeneza nitakuwa nakudanganya. Kuibadilisha mkanda nitaweza, na nitaifanya kazi hiyo kwa moyo.

Kwa sababu hiyo, thamani kubwa ya kununua kwa wakala aliyeidhinishwa ni ile kadi ya dhamana, yenye namba ya saa, tarehe na jina la duka. Tissot hutoa miaka miwili. Omega na Rolex hutoa mitano. Kadi tupu isiyojazwa haina kazi, na kadi ambayo namba yake haifanani na ile iliyochongwa kwenye mfuniko wa nyuma ni mbaya kuliko kukosa kadi, kwa kuwa inaonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa akaunganisha vitu viwili visivyohusiana. Wala maneno “Swiss Made” yaliyoandikwa chini ya namba sita hayatoshi kuwa ushahidi. Sheria ya Uswisi tangu mwaka 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa iwe imetumika nchini humo, lakini mwenye kutengeneza saa bandia haombi ruhusa ya mtu anapoyachapa.

Ningekuwa mimi, ningemwomba yule wa Bujumbura picha mbili: ya mfuniko wa nyuma, namba ikisomeka, na ya kadi ikiwa pembeni yake.

Mtoto wa Kibirizi, Kigoma

Nawashukuru sana wazazi wangu na kaka zangu. Jana nilifanya kama fundi alivyonielekeza, nikawaandikia wauzaji wote watatu ujumbe mmoja: nikaomba picha hizo mbili, nikaomba bei iandikwe ikiwa na ushuru na kodi ndani yake, na nikauliza kama risiti itataja jina langu na namba ya saa. Dar es Salaam walijibu jioni ile ile, wakatuma picha zinazosomeka vizuri, wakaahidi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na nilipowaeleza kwamba ni zawadi ya mstaafu wakashusha bei hadi 2,640,000. Nairobi nao walituma picha, na bei yao haikubadilika. Lakini nikiongeza gharama ya mtu wa kuifuata, na kuitangaza upya ikiingia nchini, unafuu wao unaisha. Wa Bujumbura aliniambia kwamba kadi ipo ila ameiacha nyumbani, na leo asubuhi ameshusha bei hadi dola 550 bila mimi kumwomba, jambo ambalo limenitia hofu zaidi kuliko picha aliyokataa kutuma.

Tumekubaliana ndugu zangu wote kununua Dar es Salaam. Dada yetu anayeishi Ilala ataifuata dukani mwenyewe, atalinganisha namba ya kwenye saa na ya kwenye kadi kabla ya kulipa, kisha atakuja nayo kwa treni wiki ya kwanza ya Desemba. Shilingi 360,000 zitakazobaki tumeziweka kando kwa ajili ya kuoshwa mashine huko mbele. Fundi, mkono wa baba nimeupima kwa uzi alipokuwa amelala kwenye kiti baada ya chakula cha mchana, nao ni sentimita 17 na nusu. Je, mkanda wa kiwandani utamtosha, au nije Tabora nikuone?

Fundi Saa wa Tabora

Utamtosha, na tundu moja au mawili yatabaki. Msiutoboe zaidi nyumbani kwa msumari wa moto. Ukionekana umelegea, treni ya dada yako inapita hapa. Anipe taarifa nami nitakuja stesheni na kitoboleo changu.