Miezi saba baada ya baipasi: nipande mchezo upi, na dawa ipi ya kigegezi?

Mtoto wa Ng'ambo (Sharjah)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nilifanyiwa baipasi ya tumbo, ule upasuaji wa kupunguza uzito, miezi saba iliyopita, na tangu siku hiyo nimepungua kilo 38, alhamdulillahi. Mwezi ujao watoto wa dada yangu wanakuja kutoka Unguja kwa likizo, nami nimeshawaahidi kuwapeleka Ferrari World kule Abu Dhabi. Nimeishi huku miaka tisa bila kupanda mchezo wowote wa bustani hizi kubwa, kwa sababu mara ya pekee niliyojaribu, katika bustani nyingine, fimbo ya kufungia kiti ilikataa kushuka mbele ya tumbo langu, na kijana aliyekuwa zamu akaniomba nishuke huku foleni nzima ikinitazama. Kwa hiyo nawaomba msinishauri nikae kwenye benchi niwashikie watoto mikoba yao.

Ninachokiogopa ni kigegezi. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kulewa bahari, na mama alikuwa akinipakata kwenye boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Dar huku mfuko wa plastiki uko tayari mkononi. Wiki chache zilizopita nilipanda mashua ya kubembea kwenye tamasha la mtaani, maana pale fimbo ilishuka yenyewe mpaka mapajani. Niliposhuka tu, jasho jembamba likanitoka, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka na tumbo likasokota, hata nikajilaza chini kivulini karibu nusu saa.

Nalinganisha vitu vitatu: vidonge vya sinarizini, plasta ya dawa inayobandikwa nyuma ya sikio, na tangawizi. Nalinganisha pia michezo yenyewe: rolakosta, michezo ya kuzunguka, na ile ya kukaa mbele ya skrini huku kiti kikitikisika. Mwenye uzoefu naomba anieleze bila kunificha.

Muuguzi wa Ruwi (Muscat)

Waalaykum salaam dada. Kabla sijalinganisha chochote, niambie ulikula au kunywa nini kabla ya kupanda ile mashua, na ilikuwa muda gani kabla.

Mtoto wa Ng'ambo (Sharjah)

Nilikunywa glasi ya juisi ya miwa, kwa sababu jua lilikuwa kali. Pengine ilikuwa dakika ishirini kabla, maana nilikuwa nimesimama kwenye foleni.

Muuguzi wa Ruwi (Muscat)

Basi naona kama mashua imesingiziwa. Baada ya baipasi chakula hakipiti tena katika tumbo zima, bali kinaingia kwenye kifuko kidogo sana na kutoka hapo kinateremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Sukari nyingi ikimiminika huko kwa mkupuo, utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu, na ndani ya dakika kumi hadi thelathini mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na wakati mwingine huharisha. Hali hiyo madaktari huiita dampingi. Ipo pia ya kuchelewa, inayokuja kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, na hiyo hutokana na sukari ya mwilini kushuka mno. Mtu wa kulewa bahari huanza kwa kupiga miayo, mate hujaa mdomoni, uso hupauka, halafu hutapika. Wewe hukutapika, na hukutaja mate wala miayo. Kwa maelezo hayo, sinarizini isingekusaidia lolote siku ile.

Simaanishi kwamba hulewi mwendo, maana kulewa mwendo huanzia sikioni, na mtu aliyelewa boti tangu utotoni hatibiwi sikio kwa kukatwa tumbo. Ninachosema ni kwamba unaweza kuwa na mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. Siku ya safari kula chakula kidogo chenye protini saa moja na nusu hivi kabla ya kupanda, mayai au samaki, usinywe pamoja na chakula, kisha endelea kupiga mafunda madogo ya maji mchana kutwa. Juisi waachie watoto.

Kaka wa Orlando

Dada, mimi nilifanyiwa slivu, yaani nilikatwa kiasi cha robo tatu ya tumbo la chakula, na hapa nilipo michezo hii iko mlangoni kwangu. Nilianza kupanda tena mwezi wa tano tangu nipasuliwe, baada ya daktari wangu wa upasuaji kuniruhusu kwa maandishi, na nakuomba nawe uipate ruhusa hiyo, kwa sababu vibao vya mlangoni kwa kawaida huwakataza watu waliopasuliwa karibuni.

Kwa uzoefu wangu kasi si tatizo. Kichefuchefu huja pale macho na masikio yanapokosana, kwa kuwa ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji yanayouambia ubongo mwili unaelekea wapi. Kwenye rolakosta ya nje macho yanaona reli inakatia kulia na sikio linahisi hivyo hivyo. Formula Rossa, rolakosta ya huko Ferrari World unakokwenda, hufika kilomita 240 kwa saa, lakini haikugeuzi kichwa chini na humalizika upesi, hata ubongo haupati muda wa kulalamika. Mchezo wa kuzunguka ni mbaya zaidi, kwa sababu majimaji yale huendelea kuzunguka hata kiti kikisimama. Wa skrini ndio ulionishinda kabisa: macho yanaona unaporomoka mlimani, na makalio yako yapo pale pale. Ukizidiwa ndani yake, fumba macho. Kwenye rolakosta fanya kinyume chake, yaani yafumbue na uangalie mbele ya reli. Hapa EPCOT, bustani ya Disney, kuna Mission: Space, mchezo wa safari ya roketi, ambao una upande wa rangi ya chungwa unaozungushwa na upande wa kijani usiozungushwa, na mifuko ya kutapikia imewekwa tayari mbele ya abiria. Mimi huenda wa kijani.

Jambo la mwisho kwangu ni kubwa. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiona giza kila niliposhuka kwenye kiti, nikadhani ni kulewa mwendo. Kumbe nilikuwa nimepungua uzito huku nikiendelea kumeza dozi ile ile ya dawa za presha niliyoanza nayo nikiwa mnene, na presha ilikuwa ikianguka kila ninaposimama. Daktari alipopunguza dozi, giza likaisha. Kama unameza dawa za presha, kapime ukiwa umekaa, kisha upime tena ukiwa umesimama.

Mama wa Kigamboni

Mimi sikupasuliwa, niliwekewa puto la kupunguzia uzito tumboni, na huko kwenye rolakosta sijafika. Hata hivyo kazi yangu hunipeleka Unguja kila wiki mbili, na msimu wa kusi mkondo wa bahari haumhurumii mtu. Wiki ya kwanza ya puto nilitapika hata nilipokuwa kitandani, kwa hiyo sikupanda boti mpaka tumbo lilipotulia. Sasa hukaa nje, katikati ya boti, nikatazama pale bahari inapokutana na mbingu, wala simu siigusi. Tangawizi inanisaidia, nayo naichemsha nyumbani nikaiweka kwenye chupa ya chai bila sukari. Mwanangu, usinunue ile iliyokaushwa kwa sukari wala soda ya tangawizi, kwa sababu kwa mtu wa baipasi hiyo ni juisi ya miwa iliyobadilishwa jina, na soda ina gesi juu yake.

Mfamasia wa Mombasa

Naona swali la dawa limebaki, nami nitalijibu kwa kirefu kidogo. Sinarizini kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 30 saa mbili kabla ya mwendo, kisha 15 kila baada ya saa nane ikihitajika. Ni kidonge cha kawaida kisichoachia dawa polepole, na hilo ni jema, maana vidonge vilivyotengenezwa viachie dawa kwa saa nyingi havitabiriki kwa mtu ambaye chakula chake kinaruka sehemu ya utumbo. Kasoro yake ni usingizi. Promethazini, dawa nyingine ya kigegezi, huleta usingizi mzito zaidi, na kama ni wewe utakayewarudisha watoto Sharjah usiku ukiwa kwenye usukani, mimi singekupa.

Plasta ina hayosini, hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla na hufanya kazi hadi siku tatu. Watu wa baipasi huipenda kwa sababu dawa hupita kwenye ngozi na haitegemei tumbo. Kwako nina mashaka mawili. Hukausha mdomo, wakati wewe unapambana kunywa maji ya kutosha kwa mafunda, na hupunguza jasho, ambalo ndilo linaloupoza mwili katika joto la huko Ghuba. Mwenye presha ya macho, yaani glakoma ya pembe nyembamba, asiiguse kabisa. Kwa safari ya siku nzima baharini ningeizungumza na daktari wako, lakini kwa michezo ya dakika mbili mbili naona ni nzito kuliko mzigo.

Muuguzi wa Ruwi (Muscat)

Nakubaliana na mfamasia, na naongeza mambo mawili yasiyohusu bustani. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, hata kama unadhani ni mwendo, nenda hospitali na uwaambie umefanyiwa baipasi, kwa sababu vitamini B1 huisha upesi na kuikosa huathiri ubongo, macho na miguu. Na maumivu makali ya kukatakata tumboni, hasa baada ya kula, usiyatibu kwa dawa ya kigegezi hata saa moja. Uzito ukipungua sana, mafuta yanayoshikilia utumbo nayo hupungua, na utumbo unaweza kupenya kwenye upenyo na kujinyonga. Hiyo ni dharura.

Mtoto wa Ng'ambo (Sharjah)

Ndugu zangu, tumerudi jana usiku. Daktari aliniandikia ruhusa, na presha yangu ilikuwa sawa nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Nilikula mayai mawili saa moja na nusu kabla ya kupanda, nikabeba chupa ya tangawizi ya Mama wa Kigamboni, na sinarizini nikaiacha kwenye mkoba bila kuimeza.

Kwanza nilipanda Formula Rossa na mpwa wangu mkubwa. Walitupa miwani ya kuzuia mchanga, fimbo ikashuka, nikaisikia ikigonga mara tatu kabla ya kukaa mapajani, na mhudumu akaitikisa kidogo akasogea kiti cha nyuma bila kusema neno. Sikuhisi kigegezi. Nililia, lakini upepo ulikuwa mkali na mtoto hakutambua. Mchezo wa skrini nilijaribu mmoja, mate yakaanza kunijaa, nikafumba macho kama kaka alivyoelekeza mpaka taa zikawaka. Mara tatu nzima watoto walininunulia juisi, na mara tatu waliinywa wenyewe.