Udi unauzwa, nyuzi 11

*Kikundi: Ukoo wa Kibokoni*
*Jumamosi*

Swaleh, 21:14
[picha]
Udi unauzwa. Nyuzi 11 zote zipo, mfuko na risha 2 za kupigia natoa bure. Mwenye kuutaka anipigie.

Khalati Zuhura, 21:15
We Swaleh, si ndio ule aliokuletea babako kutoka Maskati?

Swaleh, 21:16
Ndio khalati. Sijaugusa tangu wiki ile ya harusi ya Majengo. Bora uende kwa mtu atakayeupiga kuliko kukaa hapa ukiota vumbi.

Nasra, 21:16
Mbona ghafla? Si ulikuwa ukipiga kila siku wewe

Swaleh, 21:23
Nilikuwa. Usiku ule wa harusi nikapotea katikati ya taksimu, pale napopiga peke yangu nikibuni papo hapo. Mkono ukaganda kabisa, yule wa fidla ikabidi anifunike mpaka wenzetu wakaingia. Hakuna aliyesema kitu, lakini mimi nilijua. Nikaja nyumbani nikasema sasa nafanya mazoezi ya kweli. Siku ya kwanza masaa 3 mazima, ya pili masaa 3, ya tatu vidole vinawaka moto. Ya nne tulipokea mzigo dukani, nikarudi usiku sijiwezi. Ikaishia hapo. Sasa kila nikiutazama naona haya. Hamu sina, na bila hamu nalazimisha nini?

Ami Hafidh, 21:25
Swaleh usiuze. Naandika, ningojeeni.

Khalati Zuhura, 21:26
Twangoja ami wao

Ami Hafidh, 21:41
Swaleh mwanangu, masalkheri. Hamu siyo inayotangulia. Mimi nimeanza udi 1986 na nakwambia kweli, asubuhi nyingi naamka sina hamu hata chembe. Huja nikiwa napatanisha nyuzi, nikifika jozi ya tatu au ya nne hivi, sikio limeshaamka. Ukiingoja ije kabla hujauchukua udi, hutauchukua.

Na kuuacha nishauacha mimi, miaka 9, wengine hapa mwajua. Uso wa udi wangu ulifunuka kwa joto, gundi ikaachia, nikampelekea fundi mmoja, ukakaa kwake miezi 14. Nikiulizwa nasema fundi, fundi. Siku ulipokuja, umetengenezwa safi, nikautia mfukoni nikaupandisha juu ya kabati, na ukakaa huko karibu miaka 8. Basi hakuwa fundi. Lilikuwa lile kabati. Kuuteremsha kwataka kiti, kufuta vumbi, kufungua zipu, kukaza nyuzi zote 11 zilizolegea, na ukimaliza hayo Isha ishaadhiniwa. Niliurudia siku niliyopiga msumari ukutani sebuleni nikauning'iniza pale mkono wangu unapopita nikitoka chumbani.

Kwa hivyo kesho, kabla ya lolote, msumari. Uwe ukuta wa ndani usiopigwa na jua la alasiri, maana jua ndilo liliuharibu wangu.

Ami Hafidh, 21:47
La pili, usiutafutie wakati. Ufunge kwenye kitu ambacho tayari wakifanya. Mimi wangu ni baada ya Alfajiri. Hapa kwetu Alfajiri haisogei sana mwaka mzima, na dukani hawajanihitaji bado, wala simu haijaanza kulia. Nakaa mpaka birika ichemke, dakika 15 hivi. Birika ikilia naweka udi chini, hata nikiwa nimenogewa. Hasa nikiwa nimenogewa, maana siku hiyo nashinda nikiuwaza, na kesho yake naukimbilia.

Nasra, 21:50
Ami yuko sawa. Chuoni twafunzwa hivyo hivyo kwa mgonjwa anayejifunza upya kutumia mkono wake. Kidogo kila siku kwafaa kuliko kingi kwa mpigo mmoja, na lile ulilojifunza mchana ubongo huendelea kulipanga ukiwa umelala. Zile saa 3 zilikuumiza vidole tu.

Kuna programu za simu za kuhesabu siku ulizofululiza, nikutilie moja?

Ami Hafidh, 21:52
Hiyo sitaki kwake Nasra. Itahesabu mpaka 30, siku ya 31 atakosa, irudi sifuri, naye atauza udi mara ya pili. Huyu ameangushwa na siku moja tu, ya mzigo. Kanuni iwe moja: asikose siku 2 zikifuatana. Ya kwanza ni ya dukani, ni ya homa, ni ya mgeni. Ya pili ndiyo hatari.

Nasra, 21:53
Haya, hapo nimekubali

Swaleh, 21:55
Lakini ami dakika 15 zatosha nini? Taksimu peke yake ni zaidi

Ami Hafidh, 21:56
Usipige taksimu. Ulipotelea wapi hasa?

Swaleh, 21:57
Nikishuka kwenye makamu ya Hijazi. Pale penye pengo, noti mbili zinapoachana mbali. Kidole kilitua pasipo, sauti ikatoka chafu, nikaanza kukitafuta na wimbo ukaenda zake

Ami Hafidh, 22:04
Basi dakika zako zote ni pale. Noti 4, kushuka na kupanda. Gitaa lina vipande vya chuma shingoni, ukibonyeza katikati yake sauti yaja sawa. Udi shingo yake tupu. Hakuna kinachokwambia pa kuweka kidole ila sikio, na sikio lisilotumika huhama. Ndio maana nang'ang'ania kila siku, si kwa ajili ya kasi.

Iimbe noti kwa mdomo kwanza, ndipo uibonyeze. Ukilipata lile pengo safi mara 5 mfululizo, ondoka, hata kama ni dakika 6. Risha uilaze kiganjani, nguvu itoke kifundo cha mkono, si kiwiko. Na vidole viliwaka kwa zile saa 3, na sasa sugu zimelainika ulipopumzika. Zitaota tena, usizikimbize.

Khalati Zuhura, 22:06
Na majirani saa hiyo ya alfajiri? Pale kwenu ukuta ni mmoja

Ami Hafidh, 22:07
Asishike risha. Apige kwa nyama ya kidole gumba, sauti haivuki mlango.

Mama Swaleh, 22:15
Nimesoma yote. Swaleh hili sijakwambia. Ulipokuwa ukipiga nilikuwa nasimama jikoni na moto nishauzima, nakusikiliza. Pale unapokosea ukarudia, ukakosea ukarudia, mpaka ikakaa, ndipo hupenda mimi kuliko wimbo wenyewe. Hii miezi 3 nyumba imekuwa kimya. Shemeji shukrani.

Khalati Zuhura, 22:16
😭 dadangu

Nasra, 22:24
[ujumbe wa sauti, 1:12]
Bibi huyo. Kwa wasioweza kufungua nawaandikia, asema hivi:
"Mwambieni Swaleh mimi kanda za Zein l'Abdin, yule mpiga udi, nilikuwa nazinunua pale dukani Mbwana Radio mpaka droo ikawa haifungiki. Yule kazaliwa Lamu 1939, mimi namfuata kwa miaka 2. Sasa deki imekufa, kanda zimelala. Ijumaa baada ya chakula Swaleh aje anipigie kitu kimoja. Kimoja tu, kifupi. Akikosea aanze tena, mimi sina pa kwenda."

Swaleh, 22:40
Nitakuja Bibi

Ami Hafidh, 22:41
Ijumaa hiyo nami nipo. Mtu akijua kuna anayemngoja, hata kiti kimoja, mkono wake hubadilika. Lakini mpigie Bibi hizo noti 4 na wimbo mwepesi unaoujua. Taksimu iache kwanza.

*Jumapili*

Swaleh, 05:49
[ujumbe wa sauti, 0:38]
Msumari bado, udi nimeulaza kitini. Kigingi kimoja kinateleza, nikikaza chajirudia.

Ami Hafidh, 05:53
Nimesikia. Kitoe, kipake chaki kidogo palipong'aa, ukirudishe huku unasukuma ndani. Na ile noti ya tatu iko chini kidogo, inyanyue kwa unywele. Pengo lake limekaribia.

Swaleh, 05:54
Niliisikia hata mimi. Nimepata 3 mfululizo, ya 4 ikaharibika

Mama Swaleh, 05:56
Birika imechemka

Swaleh, 05:56
Mara moja tu mama

Ami Hafidh, 05:57
Weka.